Mkono Juu ya Kisiagi

Tata, baba yangu,

Kisiagi chetu, mashine yako ya unga, kingali kinasaga hapa Manga. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya Mama. Kaka yangu Mogaka alitaka tukiuze. Hakitauzwa, na nitakueleza ilivyokuwa.

Tangu tukulaze kando ya migomba, mimi ndiye ninayesaga. Nilishika kazi kama ulivyonifundisha, kiganja juu ya mashine, macho kwenye mahindi. "Weka mkono, Kwamboka. Sikio hudanganywa, mkono haudanganywi." Watu walitoka ng'ambo ya kilima kuja kukuona ukijua, kwa kugusa tu, kwamba chekeche imetoboka au kuna jiwe limeingia. Hata mhubiri aliusifu mkono huo siku ya mazishi. Nililia huku nikijivuna.

Basi mwaka huu wateja wakaanza kusema nina maringo. Wananisalimu "Bwakire buya" kwa nyuma, mimi napita zangu. Ni yale yale waliyokusema wewe. Mama ndiye aliyenivuta nguo akaniambia, "Unafuata njia ya baba yako. Nenda ukapimwe masikio." Shangazi wakasema ni mambo ya ukoo, tuombe tu. Tukaomba. Kisha nikaenda Kisii kwa mtaalamu wa kusikia, maana maombi hayakunikataza.

Aliniketisha kwenye kachumba kenye kuta nene, akanivisha visikizi, akasema nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa. Nikangoja. Baadaye akafungua mlango akaniuliza taratibu, "Mama, mbona umebandika kiganja ukutani?"

Sikujua kama nimekibandika. Nilikuwa nautafuta mlio kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokuelewa, Tata. Haukuwa ufundi peke yake. Ulikuwa husikii. Mashine ilikula masikio yako, ukajitafutia mbinu, nasi tukakupigia makofi. Halafu ukanirithisha mbinu hiyo, na kelele zake pia. Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani, nikakulilia njia hiyo hiyo. Hasira bado haijaisha yote.

Mtaalamu alinieleza kwamba hii ni kazi ya kelele, si laana. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, ndiyo maana nasikia watu wakiongea lakini maneno yanafika nusu nusu. Kilichopotea hakirudi, alisema, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa na kulindwa. Sasa nina vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, na nywele nimezibana juu makusudi vionekane vizuri hata kanisani. Siku ya kwanza nilisikia kijiko cha Mama kikigonga kikombe, nikakaa chini kwanza. Nikitaka kusaga navivua, navaa vikinga vikubwa vya kuzuia kelele. Vijana wa bodaboda wananiita rubani. Waniite.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Siku ile ya kliniki ulikataa tuingie nawe kwa daktari. Najua ulivyofanya humo ndani, kwa sababu nimeanza kufanya vivyo hivyo: uliitikia kwa kichwa kila alichosema. Ukatoka ukatuambia, "Amesema niko sawa." Kumbe alikwambia presha imepanda vibaya, urudi upesi. Tulikuja kuyajua hayo ulipokwisha kuanguka. Neno moja tu, Tata. Uliona haya kusema neno moja.

Sasa, habari ya Mogaka. Mwanao alikuja kutoka kazini kwake Nyamira, akawaita baba wadogo wote sebuleni. Watu wanaongea kwa pamoja, vikombe vinalia, na katika vurugu kama hiyo hata vifaa hivi havifui dafu. Mogaka akazungumza akitazama sakafu. Nikaona wengine wanaitikia kwa vichwa, kisha wote wakanigeukia wakingoja na mimi niitikie. Shingo ilitaka kuinama. Ni shingo yako hii.

Nikasema, "Sijasikia. Rudia."

Vikombe vikatuliwa mezani. Mogaka akarudia, eti kisiagi hakiwezi kuachiwa mtu asiyesikia, afadhali kiuzwe. Nikamwambia, "Bado. Niangalie usoni, useme polepole." Akainua macho. Badala ya kurudia akavuta kikombe chake. Maneno ya kumnyang'anya dada yako kazi yanasemeka vizuri ukiwa umetazama sakafu. Mkubwa wa baba wadogo akachukua kofia yake akasema, "Kiache kisage." Mkutano ukaishia hapo, na Mogaka akanywa chai yake ikiwa imepoa.

Lala, Tata. Mkono wako ninao, na nitaendelea kuuweka juu ya mashine, kwa maana ulikuwa mkono wa kweli. Ila kuitikia kwa kichwa nakuachia hapo kwenye migomba. Naahidi hakuna atakayesaga hapa kabla ya kuvaa vikinga, awe mtoto wangu au wa jirani. Na lile neno lililokushinda nitalisema kwa niaba yetu sote wawili, kwa daktari, kwa mchungaji, kwa yeyote anayeongea na sakafu. Sijasikia. Rudia.

Binti yako, msagaji,
Kwamboka