Mfuko Mwekundu wa Silvère

Harriet wee, siamini! Silvère, ati leo ndiye mtaalamu wa mazingira!

Mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, hapa Ndera, kasimama mbele yetu, kidole juu: "Mama zangu, bebeni vikapu, achaneni na plastiki."

Silvère! Yule mwenye duka aliyemcheka mteja wake mama Illuminée mwaka 1992 kwa sababu ya kikapu! "Mama, achana na ushamba." Akayamwaga maharage aliyonunua mama kwenye mfuko mwekundu wa plastiki.

Basi leo mkutanoni Mama Illuminée akasimama polepole, akafungua kitenge, akatoa mfuko mwekundu.

"Nimeufukua juzi nikilima viazi. Kikapu changu kilishaoza, kikawa mbolea. Huu bado una jina la duka lako."

Akamnyooshea Silvère mbele ya wote.

"Shika, mwanangu. Ushamba wako huu."