Pedi ya Ndani

Baba, shikamoo.

Gari lako lilianza kukwaruza mvua zilipokatika. Kila nikikanyaga breki, gurudumu la mbele kushoto linalia kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Na mama ana miadi ya macho Babati, kwa hiyo lazima tushuke Magara. Unaujua ule mteremko.

Hapa Maretadu kila mtu aliniambia nimwite Paskali. Mama naye. "Si ndiye aliyefundishwa na baba yako?"

Neno hilo liliniuma, Baba. Mimi ni mwanao, yule ni jirani. Lakini Jumamosi zako ulimpa yeye, mkalala wawili chini ya gari, mimi nikileta chai na kuambiwa niiweke pale. Hata kwenye mazishi yako alilia kuliko mimi, watu wakampa pole yeye kwanza. Sijalisahau hilo.

Basi sikumwita. Nilichungulia mwenyewe kwenye matundu ya rimu, nikaona pedi ya breki bado nene. Nikamwambia mama ni vumbi tu, kesho tunaondoka.

Jioni Paskali alikuwa anarudisha ng'ombe, akanisikia nikigeuza gari uani. Akasimama, akauliza kama nimefungua tairi. Nikamjibu kwa mkato kwamba pedi ni nzima, nimeiona.

"Umeona ya nje, dada. Ya ndani je?"

Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, tukatoa tairi. Ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinakula disiki. Ningemshusha mama Magara na chuma kile. Nilikaa kwenye nyasi.

Safari tukaiahirisha. Paskali akaleta vifaa kutoka Mbulu mjini, nami nikamwomba, kwa shida, anielekeze tu, mikono iwe yangu. Akakubali. Nilirudisha pistoni ya breki ndani polepole, nikafunga disiki na pedi mpya pande zote mbili. Kisha akasema nikae kwenye usukani nikanyage breki. Pedali ikazama mpaka chini. Nikajua nimeharibu. Yeye akacheka, akasema niendelee kukanyaga, itapanda. Ikapanda.

"Baba alinicheka hivi hivi siku ya kwanza," akasema. "Alicheka mpaka akakaa chini."

Hapo ndipo wivu uliponishika kweli. Mimi nakukumbuka ukila kimya, redio karibu na sikio. Sikuwahi kukuona ukicheka mpaka ukakaa chini. Kicheko hicho anacho yeye. Mimi sina.

Mama tulimfikisha salama. Njiani aliuliza nani ametengeneza. Nikasema mimi na Paskali. Jina lake lilitoka kwa uzito.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitamwita Paskali nyumbani, nimwombe anisimulie habari zako, moja baada ya nyingine. Nitaona wivu kila atakapofungua mdomo. Lakini sitainuka mpaka amalize.

Binti yako,
Anjela