Bafu la Ami Gedi

Garsen,
Jumanne, 14 Oktoba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Kau, na lile jino lililokuwa likikunyima usingizi, limetulia? Mama naye, mgongo wake vipi? Mwambie asibebe ndoo mbili kwa pamoja. Najua hatasikia, lakini mwambie tu. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto linatukaanga, magoti yangu yamechubuka kwa kushinda sakafuni wiki tatu, na kucha zangu hata usiziulize.

Najua bado umenuna. Siku ile uliponikatia simu nilipiga tena mara nne, na mara ya tano akapokea Mama. Akaniambia umesema nikurudishie mwiko wako na pima maji, kwa kuwa mtoto anayebomoa kazi ya baba yake hana haki ya kushika vyombo vya baba yake. Baba, nililia. Halafu nikajipangusa nikarudi kazini, maana simiti nilikuwa nimeshaikoroga na simiti haimngoji mtu amalize kulia. Ndiyo sababu nimeona nikuandikie. Kwenye simu huniachi nimalize, tena wewe unaweka sauti ya juu, nusu ya Kau inasikiliza. Barua hii anakuletea Charo wa bodaboda, na tafadhali isome ukiwa peke yako.

Kwanza nikupe raha: bafu la rafiki yako Ami Gedi limekwisha, na limetoka, Baba! Limetoka kwelikweli! Jana nilisimama mlangoni nikilitazama mpaka mkewe, Mama Anisa, akaniuliza kama nimehamia. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza bila wewe kusimama nyuma yangu ukiguna, na tayari mama mmoja mwenye duka la nguo hapa mjini amekuja kuliona, akaupigapiga ukuta kama anayenunua tikiti maji, akasema anataka lake.

Ungekuwepo siku za kupanga ungecheka. Anisa, yule binti yao mkubwa, alikuja likizo kutoka Nairobi na simu imejaa picha. Alitaka kuta nyeusi, sinki mbili zilizopangana, na shawa ya maji moto. Mama yake alizitazama zile sinki mbili akauliza ni nani na nani watakaopiga mswaki kwa mashindano. Kuhusu maji moto ndiyo alikaa chini kabisa kwa kucheka, akamwambia bintiye kwamba maji ya tangi la Garsen saa nane mchana unatia majani ya chai unakunywa. Nyeusi niliikataa mimi. Nilimweleza Anisa kwamba maji yetu yakikauka yanaacha tope lake, na ukuta mweusi baada ya wiki mbili ungeonekana una ukurutu. Alinuna siku nzima, kisha akaja mwenyewe kunishikia kamba ya kupimia.

Basi tukakubaliana. Chini nimeweka taili za rangi ya mchanga, zenye mikwaruzo ili mguu wenye maji usiteleze. Ukutani kijani kibichi cha kupoa macho, mpaka usawa wa bega, na juu yake mstari mmoja wa maua, maana Mama Anisa aliapa haingii kaburini bila maua kwenye ukuta wake. Dirisha nimelipanua na kulitia wavu wa mbu. Mlango nimeupanua pia. Ami Gedi yeye aliomba kitu kimoja tu, chuma cha kushikilia, kwa sababu magoti yamemwisha. Siku hizi hata kuswali anaswali amekaa kitini. Nimemtia vyuma viwili, kimoja penye shawa na kimoja kando ya choo, na nimejining'iniza mwenyewe kwenye kila kimoja kwa uzito wangu wote kuvijaribu. Na zile kokoto za mtoni ulizozipanga kwa mkono chini ya shawa, moja moja, sikuzigusa, Baba. Nimezisugua tu. Mteremko wa sakafu nimeujaribu kwa gololi kama ulivyonifundisha, na kila nilipoiweka ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la maji bila kusitasita.

Sasa tuje kwenye choo, ambacho ndicho kimetugombanisha.

Siku ya pili ya kazi Ami aliniambia nikitoe choo cha kukalia pale ulipokiweka, nikigeuze kiangalie ukuta wa mlango. Alisema ni kwa ajili ya upepo wa dirisha. Mimi kwa furaha zangu nikakupigia kukuhadithia, nawe ukafoka kwamba choo hakihitaji upepo, kwamba umekipima pale kwa siku mbili, na kwamba nimewatia watu maneno ili nionekane fundi kuliko wewe. Haki ya Mungu sikuwatia neno lolote. Na kusema kweli hata mimi sababu ile ya upepo haikuniingia akilini.

Nilipokifungua nilishangaa. Choo cha miaka kumi na moja, Baba, na ndani cheupe kama kilitoka dukani asubuhi ile! Mpira wa tangi lake haujalika hata kidogo. Nyuma yake walikuwa wamepanga madumu. Nikamuuliza Mama Anisa, akasema eti maji yalikuwa ya shida, kisha akaenda jikoni haraka kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Siku ya nne, adhuhuri, nilikuwa nimechutama mle bafuni napima, mlango uko wazi. Ami akaja chumbani kwake, ambako ndiko mlango wa bafu unakofungukia, akaweka kiti chake, akaanza kuswali. Nikaacha kupima kwa adabu. Nikamtazama alivyoelekea. Halafu nikatazama alama za zile skrubu nne sakafuni, pale choo kilipokuwa. Nikamtazama tena yeye. Mungu wangu! Nilijiziba mdomo kwa mkono wenye simiti.

Baba, ulikiweka kimeelekea kibla.

Najua hukujua. Sisi ni watu wa kanisani, na choo chetu kinaangalia popote shimo linapopatikana. Wao wana heshima yao: mtu haendi haja akiwa ameielekea kibla wala akiwa ameipa mgongo. Ulipojenga, Ami alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani Garissa na Mama Anisa yuko kwao kwa uzazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kukuambia. Nilimbana Mama Anisa mpaka akasema yote. Waliporudi walikukuta umesimama mlangoni umevaa shati safi, umewafungulia mlango, ukawaonyesha zile kokoto ukisema hizo ni zawadi yako kwa nyumba yao. Ami akatazama kokoto, akatazama choo, akakukumbatia. Wakakushukuru. Wamekuwa wakioga mle kila siku, lakini kwa haja zao wakaenda kwenye choo cha shimo, nyuma ya zizi la mbuzi, miaka yote hii. Mvua ikinyesha wanakwenda. Ami magoti yanamuuma anakwenda, na bakora. Fundi mwingine hakumtaka, kwa sababu habari zingekufikia Kau kabla simiti haijakauka. Alikuwa akingoja mimi nikue niwe fundi, akidhani kazi yako ikiguswa na mwanao haitakuuma.

Na wewe, Baba, kila unapokuja Garsen unatusimulia kwa majivuno kwamba wageni wengine wanaonyeshwa choo cha nje, wewe unapitishwa mpaka chumbani kwa mwenye nyumba. Ni kweli walikupitisha. Katika miaka kumi na moja mtu pekee aliyekikalia choo kile ni wewe.

Nilimwendea Ami. Nilikuwa na hasira kidogo, sikufichi, nikamuuliza kwa nini hakusema neno moja tu, ungekigeuza kwa siku moja na mambo yakaisha. Akaniuliza kama naukumbuka ule mwaka wa ukame, tulipokuwa bado na shamba hapa karibu. Nikasema nilikuwa mdogo. Akasema wakulima wote walikuwa wameziba njia za mifugo kwenda mtoni, na watu wameanza kunoa mapanga, ndipo wewe ulipokata mahindi yako mwenyewe, safu nane, yakiwa yameshatoa mashuke, ukawapa njia ng'ombe wake wapite wakanywe. Na hukumtajia tena mahindi hayo mpaka leo. Akasema kama rafiki yake Zadock aliweza hilo, yeye atashindwa vipi kutembea hatua themanini kwenda chooni? Kisha akaniapisha nisikuambie kamwe.

Niliapa, Baba. Na leo nimekivunja kiapo hicho kwa mkono wangu, kalamu hii hii, na Mungu anisamehe. Ningeweza kuvumilia hasira zako juu yangu. Lakini Mama aliniambia umesema hukanyagi tena kwa Gedi, kwamba ni mtu anayedharau kazi ya rafiki yake, na hapo nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemwibia mzee wa watu rafiki yake.

Jana, tulipomaliza, aliingia akafunga mlango. Alikaa humo mpaka Mama Anisa akabisha kuuliza kama ameanguka. Akajibu kutoka ndani kwamba hajaanguka, amekaa tu. Tulicheka mpaka machozi, na machozi yangu mengine hayakuwa ya kicheko.

Sasa sikia ombi langu. Amenituma nikuambie Ijumaa ijayo wanachinja mbuzi, uje na Mama, na hatakula mpaka akuone. Njoo, Baba. Ukifika atakuvuta kwenda kuliona bafu hata kabla ya chai. Usimwombe msamaha, usimwonyeshe kwamba unajua lolote. Tazama choo, guna kama kawaida yako, kisha useme Maurine ameharibu kazi yako. Sema kwa sauti, mbele ya watu. Nitakuwa nimesimama pale pale, nitainamisha kichwa, na lawama yote nitaibeba mimi.

Msalimu sana Mama, na shangazi Gladys, na Caleb mwambie nyavu alizoagiza nimezipata. Mungu awalinde na maji ya mto yawaache salama.

Ni mimi mwanao, fundi wako,

Maurine Zadock