Jina Jipya Mgongoni mwa Fulana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shangazi na wote wanaoishi chini ya paa lake. Sisi hapa hatujambo. Magoti ya Mama yamepunguza kumsumbua tangu akubali kupanda ngazi polepole. Ameniambia nikuulize kama unakula vizuri, maana katika picha uliyotutumia anaona shingo yako imekuwa nyembamba. Nilimwambia ni kola ya shati ndiyo pana. Hakuniamini, na mimi mwenyewe sikujiamini sana.

Ningekupigia simu, lakini simu huipendi siku hizi na sababu tunaijua mimi na wewe. Sikio la kulia linaendeleaje? Nijibu kwa ukweli, tafadhali. Shangazi ameandika kwamba kila jioni unatoka na kurudi umelowa jasho, na ukiulizwa unasema ulikwenda matembezi. Matembezi gani hayo yanayomlowesha mtu mpaka mgongoni? Nakutilia shaka, Kaka, wala sitaki kukuficha. Nasikia hata huko watu wana dramu zao.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Ulitaka nikuchunguzie kwa uhakika ni nani aliyekwenda kuwaambia wenzako wa Tanuri kwamba sikio la kushoto halisikii tena na la kulia linafuata. Ulisema hutatulia mpaka umjue mtu aliyekutoa kwenye bendi uliyoianzisha kwa mikono yako, na dramu zenyewe zikiwa na mguu mmoja wa kuazima. Basi nimekaa na mashabiki, nimewasikiliza, nimewatazama usoni mmoja mmoja. Nakuandikia kama nilivyoyaona, unisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Albamu mpya ya Tanuri ilifika kwa Mwenyekiti wetu wa mashabiki Jumapili iliyopita, siku sita kabla ya uzinduzi. Unaikumbuka karakana yake ya makochi: sponji zimepangwa hadi darini, na zile spika mbili amezivika kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Utaratibu haujabadilika. Tunakaa kwenye makochi ya watu ambayo hayajamaliziwa, mlango unafungwa, albamu inapigwa kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na atakayefungua mdomo katikati anatolewa nje. Tulikuwa ishirini na mmoja. Mimi nilipata kochi lisilo na mgongo, kwa hiyo nilikaa wima dakika zote arobaini na mbili kama niko kanisani.

Ilipokwisha, hakuna aliyetaka kuanza. Wakajipasha moto kwanza kwa kuwasema wale wa bendi ya Msumeno, ambao wamemtoa mwimbaji wao na kumleta mwingine anayeimba kama anaomba radhi. Nesi, yule anayekuja na soksi za kazini, alisema albamu yao mpya ni roki ya kumlazia mtoto. Baada ya hapo wakarudi kwenu. Walisifu magitaa, wakasema yamekuwa mazito kuliko zamani, na kwamba wimbo wa nne unaingia kifuani moja kwa moja. Mwimbaji naye walimpa haki yake. Dramu zilizungukwa kama shimo barabarani.

Mwishowe Mwenyekiti akasema lililokuwa kooni mwa kila mtu. Alisema yule mwalimu wa hesabu waliyemweka mahali pako hakosei hata pigo moja, na hilo ndilo tatizo lake, anapiga kama anasahihisha madaftari. Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na kinyongo. Walikumbushana jinsi wewe ulivyokuwa ukichelewa kidogo kabla ya kiitikio, ukimwacha mtu ananing'inia bila pumzi, ndipo unashusha mikono yote miwili. Mwalimu hachelewi. Nilitaka kulia, nikajitia kukohoa.

Kuanzia hapo ile karakana ikageuka kituo cha polisi. Wa kwanza kuandamwa alikuwa nesi, kwa sababu anafanya kazi katika hospitali ile ile uliyopimwa masikio. Walimuuliza alikuwa wapi siku hiyo, alimwona nani, faili alilipeleka wapi. Maskini alitoa simu akawaonyesha picha ya ratiba ya zamu: mwezi mzima alikuwa wodi ya watoto, ghorofa nyingine kabisa. Wakasema sawa, ila niliona aliyekuwa amekaa naye kochi moja akijivuta pembeni. Wakamgeukia mwalimu, kwamba aliyefaidika ndiye wa kuulizwa. Lakini shabiki mwenzetu, yule fundi saa, alishuhudia kwamba mwimbaji ndiye aliyemfuata mwalimu shuleni, tena mara mbili, na mara ya kwanza alikataliwa.

Ndipo Mwenyekiti aliponigeukia mimi. Alisema fulana zote za Tanuri nachapa mimi, na majina yanakaa mgongoni, kwa hiyo jina jipya lazima liliingia dukani kwetu kabla halijatangazwa. Akataka nirudie mbele ya wote yale niliyowaambia miezi sita iliyopita. Nilirudia. Nilisema jina la mwalimu lililetwa dukani na Twiga, likiwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, siku kumi kabla wewe hujaambiwa kwamba umetolewa. Nikanyamaza hapo.

Hawakuhitaji zaidi. Twiga ni mpiga besi, ni rafiki yako tangu mkiwa na kaptula za shule, na kila mtu alijua kwamba ndiye aliyekupakia kwenye pikipiki yake kukupeleka hospitali. Hesabu ikajipanga yenyewe vichwani mwao. Mwenyekiti alipiga nyundo yake ya kupigilia misumari mezani, wakakubaliana kwamba Jumamosi kwenye uzinduzi, Twiga akitajwa jukwaani, mashabiki wote wageuze migongo na wakae hivyo mpaka wimbo wake wa kwanza uishe. Waliniuliza kama una neno lolote la kuwaambia. Barua yako ya kuwasomea endapo ingethibitika ni Twiga, ile unayomwita nyoka, ilikuwa ndani ya mkoba wangu pale pale. Nilisema hujaandika kitu.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba nitaisoma Jumamosi, kwamba ni siku moja tu, watu watageuza migongo kisha watageuka tena. Lakini sahani ya chakula niliirudisha jikoni ilivyo. Mama aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni harufu ya wino.

Jana mchana Twiga alikuja dukani. Nilikuwa peke yangu, navuta kitambaa cha kuchapia kwenye fremu, na fulana sitini za uzinduzi zikiwa zimepangwa mezani zikisubiri majina. Aliinama mlangoni kama kawaida yake, akanisalimu, akauliza hali ya Mama. Kisha akaniomba nitoe jina lake. Alisema atapiga Jumamosi kwa sababu alishaahidi, na baada ya hapo anaondoka Tanuri, hivyo si vizuri watu wanunue fulana yenye jina la mtu ambaye hayupo. Kumbe mtu alikwishamdokezea habari ya kugeuziwa migongo. Alisema anaweza kuvumilia kutopigiwa makofi, ila hawezi kupiga besi huku anatazama visogo vya watu anaowajua kwa majina.

Sijui nilitaka kupata nini, Kaka, maana mdomo wangu ulitangulia. Nilimwambia kwamba kama anamjua aliyetoa siri, si aseme tu, ajinusuru. Hakukasirika. Akasema amemjua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwimbaji alimtaja kwenye kikao chao.

Kaka, ni mimi.

Twiga ulidhani aliisikia mlangoni kwa daktari, lakini kwa kinywa chako siri ile ulinipa mimi peke yangu, ukaniapisha jikoni, na mimi ndiye niliyeipeleka. Unaikumbuka siku uliyovuka barabara mbele ya duka letu ukija kuniletea ufunguo wa Mama? Lori lilipiga honi mpaka makopo ya wino yakatikisika kwenye rafu, nawe hukugeuza hata kichwa. Dereva alifunga breki hatua mbili kutoka mgongoni mwako, akabaki ameshika usukani, macho yamemtoka. Wewe uliingia unacheka, ukaniuliza mbona nimepauka. Ulikuwa unatoka mazoezini. Daktari alikuwa amekwambia uache dramu miezi mitatu nyuma, na wewe uliongeza siku za mazoezi.

Kesho yake nilimfuata mwimbaji kazini kwake, kwenye lile duka la rangi. Nilimwambia yote huku akimchanganyia mteja rangi ya ukuta, na alikoroga kopo lile lile mpaka mteja akalalamika. Nilimwomba asinitaje. Alisema sawa, lakini wenzake walipomuuliza kama ana hakika, akawaambia ameyasikia kwa dada yako wa tumbo moja.

Katika kikao hicho Twiga ndiye pekee aliyekataa utolewe. Alitaka ubaki, upige nyimbo za polepole, uzibe masikio, mumtafute daktari mwingine. Mwimbaji na mpiga gitaa walimshinda, wawili kwa mmoja. Kisha wakamtuma yeye alete jina jipya dukani kwa sababu ndiye anayepita njia hiyo. Nakumbuka alishindwa kulitamka, ndiyo maana aliliandika kwenye karatasi. Nililiona hilo kwa macho yangu siku ile, na bado niliwaambia mashabiki habari ya karatasi bila ya uso wake.

Wewe ulirudi nyumbani umetolewa, ukasema mbele yangu na Mama kwamba aliyekufanyia hivyo hutazungumza naye tena maisha yako yote. Niliogopa. Mashabiki walipoanza kuuliza, niliwaambia jambo la kweli kuhusu Twiga nikawaachia wamalizie wenyewe, na wewe nikakuandikia hivyo hivyo. Kuhusu Twiga sikusema hata neno moja la uongo, na nimemchafua mtu kuliko mwongo yeyote ninayemjua. Hata ule uchunguzi ulioniagiza, nilikuwa nakaa pale kwenye kochi nikiwatazama watu usoni nione kama kuna anayenishuku mimi.

Nilimuuliza Twiga kwa nini alinyamaza miezi yote sita. Alisema alifikiri kusema, tena alifika mpaka kituo cha basi aje huko kwa Shangazi. Lakini akaona rafiki umeshampoteza, na yeye hakuona sababu upoteze na dada. Aliyasema hayo akichezea ukingo wa fulana moja pale mezani, kisha akanikumbusha kuhusu jina lake na akaondoka. Nilikaa chini ya meza ya kuchapia nikalia mpaka mteja akaja kugonga.

Jina lake nimelichapa. Fulana zote sitini zimekauka, na zina majina manne mgongoni. Barua yako ya kuwasomea mashabiki naikurudishia ndani ya bahasha hii, hakuna aliyeiona. Jumamosi nitapanda jukwaani kabla ya wimbo wa kwanza, nimekwishamwomba mwimbaji dakika mbili, na nitawaambia kila kitu, pamoja na kumwomba nesi msamaha mbele ya wale wale waliomshuku. Wakitaka kugeuza migongo, wanigeuzie mimi. Barua hii ikikufikia, hayo yatakuwa yameshapita.

Kuna jambo moja ambalo sitakuomba msamaha. Sikuombi msamaha kwa kwenda kwenye duka la rangi. Nikiliona tena lori lile, nitakwenda tena, uniapishe mara ngapi. Ninachokuomba unisamehe ni hii miezi sita, ambayo nilikuacha umchukie mtu aliyekutetea. Na kama hayo matembezi ya jioni ndiyo ninayoyashuku, jua kwamba Shangazi naye nimemwandikia, na safari hii nakwambia mapema.

Mama hajui lolote bado. Nitamwambia Jumapili, akishakula. Anakusalimu sana, na anasema usioshe nywele usiku. Msalimie Shangazi, mwambie kile kitambaa alichoagiza nimekipata, nitamtumia mwisho wa mwezi.

Ukimaliza kusoma, usinijibu mimi kwanza. Najua utataka, na najua utaandika nini, na ninastahili. Lakini kalamu ukiishika, mwandikie Twiga. Yangu inaweza kusubiri hata mwaka.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekupenda na niliyekutoa kwenye bendi.