Mdogo Wangu Hataki Kusema Tununue Rimu Ipi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema nimekosa kazi ya kufanya, kwa sababu jambo lenyewe ni rimu ya baiskeli, ile ringi inayovishwa tairi, na mimi mwenyewe nashangaa jinsi lilivyoninyima raha.

Mimi na mdogo wangu wa kike tunacheza mchezo wa baiskeli za vizuizi, zile zisizo na kiti, ambazo unapanda nazo mawe, magogo na kuta bila kugusa chini kwa mguu, na ukigusa unahesabiwa kosa. Baiskeli tunayo moja, tuliinunua kwa kuchanga, tunapokezana. Mwezi uliopita mdogo wangu alitua vibaya kwenye ukingo wa ukuta wa zege, rimu ya mbele ikapinda kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa, akasimama, akajipangusa magoti, akasema, "Samahani, dada," nami nikamwambia si kitu, tutanunua nyingine, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanzia.

Fundi wetu ana rimu mbili, moja ya upana wa milimita thelathini na mbili na nyingine thelathini na nane. Fundi anasema tuchukue pana, tairi litakaa vizuri na tutaweza kulipunguza upepo bila lenyewe kujikunja. Kocha anasema pana ni mzigo, mbele panatakiwa pawe pepesi. Nimesoma kila nilichokipata, nimepima magurudumu ya watu kwa mizani ya jikoni, nimechora mpaka grafu, na kila nikiamua asubuhi, jioni nimegeuka. Mimi napenda kusimama juu ya gurudumu la nyuma na kurukaruka nalo kutoka jiwe hadi jiwe, la mbele likiwa hewani, kwa hiyo kila gramu ya mbele naisikia mikononi, na hapo naitaka nyembamba. Lakini kwenye nyembamba, tairi likipungua upepo hulala upande, na mdogo wangu, ambaye klabuni wanamwita Sisimizi kwa jinsi anavyopanda kuta, hulitanguliza gurudumu la mbele, analing'ang'aniza ukingoni, kisha anajivuta juu mwili mzima, sijui anafanyaje, mimi siwezi.

Basi nikamuuliza. Tulikuwa jikoni, anamenya vitunguu.

"Wewe unaonaje, pana au nyembamba?"

"Yoyote tu, dada."

"Yoyote si jibu. Nimekueleza faida na hasara za zote mbili."

"Umenieleza sana. Chagua unayoona inafaa, mimi nitazoea."

"Lakini unapendelea ipi?"

"Profesa, macho yananiwasha. Niache nimalize vitunguu."

Profesa ndilo jina langu la klabuni, lakini nyumbani haniiti hivyo ila akichoka. Na hiyo "nitazoea" imenikwama kama mwiba wa samaki kooni, maana ndiyo aliyoisema nilipochagua urefu wa usukani, na nilipochagua breki, na tulipokubaliana kwamba zamu ya kwanza ya mazoezi iwe yangu kwa kuwa mimi ndiye ninayewahi kazini. Jumamosi iliyopita hakuja mazoezini, na ile ya kabla yake hakuja, ingawa klabu imetuazima gurudumu. Anasema atakuja letu likiwa tayari. Fundi anataka jibu Ijumaa, na rimu ikishafungwa spoki hairudishwi. Nikifikiria nyembamba naona kama namwonea, nikifikiria pana naona kama namfanyia hisani ambayo hakuiomba, halafu nachanganyikiwa kabisa, sijui tena kama nafikiria rimu au nafikiria nini. Naogopa nikikosea ataacha mchezo, na akiacha, sijui mimi naye tutabaki tunaongea nini. Nisaidie tafadhali: thelathini na mbili au thelathini na nane?

Mimi, Profesa niliyepotea njia

JIBU

Binti yangu, pole. Mimi baiskeli naijua kwa kupishana nayo barabarani, kwa hiyo niliuliza wanaoijua, nao wakarudia yale yale uliyoyaandika: nyembamba ni nyepesi kunyanyua, pana hulishika tairi vizuri zaidi mtu anapolitua ukingoni. Zote mbili zinafaa. Hakuna itakayokuvunja shingo. Kwa hiyo hilo uliloniuliza ulikuwa na jibu lake kabla hujashika kalamu.

Sasa rudi usome barua yako mwenyewe. Umesema unaruka na gurudumu la mbele likiwa hewani. Anayelitua ukingoni ni nani? Anayelikabidhi mwili wake mzima ni nani? Umechora grafu ya gurudumu ambalo wewe unalibeba tu, na mwenye kulitumia umemhoji akiwa na kisu mkononi na machozi ya vitunguu.

Na usiniambie hukuielewa hiyo "nitazoea". Mtu asiye na maoni husema "sijui". Anayesema "nitazoea" maoni anayo, ila ameshaona yanakoishia. Usukani ulichagua wewe, breki wewe, zamu ya kwanza yako, na hiyo unasema "tulikubaliana". Sikwambii u mtu mbaya. Mtu mbaya asingehangaika hivi. Lakini unamwendea mwenzako ukiwa umeshayajaza majibu yote mawili kwa maelezo yako, sasa yeye atie neno lake wapi?

Fanya hivi. Acha kumuuliza kwa mdomo. Tafuta klabuni magurudumu mawili ya kuazima, moja la rimu pana na moja la nyembamba, kisha umwombe aje nawe, na ninaposema umwombe sina maana umpangie. Zamu ya kwanza iwe yake. Wewe kaa kando kwenye tofali lolote utakaloliona, usimwambie lipi ni lipi, usimkumbushe upepo, usimsahihishe mikono. Apande ukuta mmoja kwa yote mawili, apande mpaka aridhike, na atakalolishika ndilo, hata kocha akinuna wiki nzima. Ikiwa ni pana, mbele patakuwa pazito kwako na utalazimika kuizoesha mikono yako. Na kama hayo hayatawezekana kabla ya Ijumaa, mwambie fundi asubiri. Rimu haiozi.

Limebaki moja, na hili ndilo ulilolizunguka barua nzima. Unaogopa ataacha mchezo. Inawezekana ameshaacha, wewe ukiwa umezama kwenye milimita. Kwa hiyo akikataa kuja, akakwambia hataki tena kuipanda baiskeli hiyo, usianze kumweleza habari za rimu, usimwahidi baiskeli nyingine, na usimtume kocha akambembeleze. Kaa naye chini, muulize ni tangu lini.