Shule Zikifungwa, Damu Huisha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempelekea Mama chakula kazini tena. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Amekula akiwa amesimama, kijiko mkono mmoja, faili mkono wa pili. Daktari wa idara ya dharura hana saa ya chakula. Zamani nilidhani anatia chumvi.

Leo kasema jambo nisilolijua. Shule zikifungwa, jokofu la damu huanza kubaki tupu. Damu nyingi ya hospitali yao hapa Malindi hutoka kwa wanafunzi. Gari la kukusanya damu huja shuleni kwa sababu tumekusanyika pahali pamoja, tumevaa sare na hatubishi. Watu wazima wako sokoni, hotelini, mashambani. Hakuna aliyetenga gari la kuwafuata. Nikamwuliza ni nani aliyepanga hivyo. Akasema hakuna aliyepanga, na hiyo ndiyo shida.

Sikumwambia kuhusu Julai. Gari lilipokuja shuleni kwetu nilisema nimefunga saumu. Sikuwa nimefunga. Naogopa sindano. Binti wa daktari. Aibu.

Jumatano, 6 Agosti

Kufua. Kemia, sura mbili. Nilianza barua kwa serikali ya kaunti kuhusu damu. Mistari mitatu, yote lawama. Nikaichana. Mwandishi mwenyewe alikimbia sindano.

Alhamisi, 7 Agosti

Sidi yuko hospitali.

Tunakaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Hawe, yaani bibi yake, amemleta kutoka Ganda kwa bodaboda, Sidi katikati, amefungwa kwa leso asianguke. Niliwakuta nilipopeleka chakula. Macho ya manjano, viganja vimepauka. Aliponiona akasema, "Usinikodolee macho hivyo, bado sijafa."

Anahitaji damu ya kundi O. Jokofuni hakuna hata mfuko mmoja. Kakake naye ana selimundu. Mamake yuko Mtwapa, ni mjamzito. Hawe akanyoosha mkono, "Daktari, chukua yangu." Mama akamweleza kwa upole kwamba umri wake umepita.

"Kwani damu nayo hustaafu?"

Wauguzi wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama anasema Sidi anaweza kusubiri kidogo. Nikamwuliza kidogo ni siku ngapi. Akaenda kumwona mgonjwa mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga simu tangu asubuhi. Wasichana kumi na wanne wa darasa letu. Wengine wako Watamu, wengine wamekwenda kwa jamaa zao bara. Riziki alinitania kwanza: "Mtoto wa daktari, umenikumbuka kwa damu, kwa pilau hukunikumbuka?" Kisha akasema atakuja na shangazi yake anayeuza viazi karai. Babake Amina alichukua simu mwenyewe. Damu ya binti yake si maji ya mfereji, alisema. Nilimwitikia kwa adabu. Nilipokata simu nililia.

Baada ya chai ya jioni nilimwambia Mama ukweli wa Julai. Nilitarajia hasira. Aliosha kikombe chake, akasema, "Wengi waliosema wamefunga hawakuwa wamefunga. Wewe umekuja kusema." Kisha akaniuliza uzito wangu. Hamsini na mbili. Ninatosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetoa. Mimi, Riziki, shangazi yake na msichana mmoja wa darasa letu. Sindano inauma. Haiui. Riziki aliniambia nifumbe macho, kisha akawa ananisimulia kila kinachofanyika.

Nilitoka nikidhani Sidi atapewa damu saa ile ile. Ujinga wangu. Damu haipewi mtu kabla haijapimwa magonjwa, na mashine ya kupimia haiko hapa. Sampuli lazima zisafirishwe, majibu yarudi. Mama alimwomba dereva wa ambulensi aliyekuwa akipeleka mgonjwa huko huko azibebe. Naelewa kwa nini damu hupimwa. Sielewi kwa nini mashine iko mbali hivyo.

Alasiri ukaja mfuko mmoja kutoka Kilifi. O. Mama alikuwa amewapigia simu tangu Alhamisi. Hawe aliuona ukipita, akasimama.

Dakika hizo hizo akaletwa mwanamke aliyejifungulia nyumbani. Damu ilikuwa ikimtoka bila kukoma. Mama akampa yeye.

Niliona kila kitu. Nilimchukia mamangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 10 Agosti

Sidi anapumua kwa oksijeni. Haongei. Hawe anamkanda miguu.

Sikumsalimia Mama asubuhi. Akaja kukaa kitandani kwangu, jambo ambalo hafanyi. Alisema yule mwanamke alikuwa na dakika, Sidi alikuwa na siku, na kwamba alihesabu vizuri kadiri alivyoweza. Kisha akasema kazi yake si kuchagua kati ya watu wawili. Kazi yake ni kutibu. Anayemlazimisha kuchagua ni yule ambaye hakuhakikisha mifuko iko miwili.

Nilimshika mkono.

Siku za Sidi zinapungua. Majibu bado.

Jumatatu, 11 Agosti

Majibu yamefika saa nane mchana. Mifuko yote minne ni salama, miwili ni O. Sidi anawekewa. Tone, tone. Nilihesabu mpaka mia tatu, nikaacha.

Hatuambiwi damu ni ya nani. Sawa tu.

Hawe amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeandika barua upya. Ukurasa mmoja. Maombi mawili: gari la damu liwafuate watu wazima wakati wa likizo, na upimaji ufanywe hapa hapa. Mama aliisoma akasahihisha neno moja. Hakuniambia kama wataijibu. Nimeipeleka mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Sidi amekula uji, akalalamika hauna sukari. Macho bado yana umanjano. Ataruhusiwa kesho au keshokutwa. Ataumwa tena, anajua, nami najua.

Nilipokuwa natoka nilikutana na yule mwanamke wa Jumamosi mlangoni. Alikuwa akienda kwao. Anatembea polepole, mtoto amefunikwa kanga, mumewe nyuma na beseni. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hanijui. Nikamshikia mlango mpaka wote wakapita.