Begi Nililompa Wifi

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje. Bado linakugombeza ukipanda ngazi? Na shemeji, kifua kimepoa? Huyo kitinda mimba wako meno ya mbele yameota, au bado anacheka pengo wazi? Sisi huku wazima. Mgongo wangu unauma pale pale, lakini nimeshauzoea kama jirani mwenye kelele. Jikoni kiwandani bado nipo. Wanakula, wanafuta midomo, wanaondoka bila hata ahsante, na kesho wanarudi na sahani.

Salamu zako zimenifika, na manung'uniko uliyoyafunga ndani yake nayo yamenifika. Eti umesikia nimempa wifi begi la magurudumu, tena lile kubwa, na wewe uliyenifuata tumboni hujaona kwangu hata kitambaa cha kujifutia jasho. Umeumia. Sasa weka huo mwiko chini, vuta kiti, nikueleze begi lile lilitokaje mikononi mwangu, halafu uniambie kama bado unalionea wivu.

Unajua binti yangu mkubwa ni fundi wa majokofu ya dawa. Nimeshakuandikia, ndiyo, lakini nitarudia, maana si kila mama ana cha kurudia. Jokofu la chanjo likizima kwenye hospitali ya mbali, hawamtafuti mwanamume mwenye kitambi. Wanampigia mwanangu. Gari la kampuni linapita hapo njia panda, linampakia, linakwenda. Halimsubiri mtu, kwa sababu dawa haziwezi kukaa kwenye joto zikimngoja fundi atafute soksi. Na wakati huo alikuwa bado yuko kwenye majaribio, hajaajiriwa hasa.

Mwezi wa tano gari lilimwacha. Simu imeita, mtoto anaizunguka nyumba kama anayefukuzwa na nyuki. Kiatu kimoja chini ya kitanda, chaja ameichukua mdogo wake, mswaki uko bafuni, kitambulisho kimo kwenye mkoba wa juzi na mkoba wa juzi haujulikani uliko. Alipofika njia panda akakuta vumbi la gari. Bosi wake hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba likimwacha tena, nafasi ile ina watu wanaoitaka. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti hajavua hata kiatu. Roho ilinipasuka, lakini sikukaa naye kulia. Nilikwenda kulifungua kabati la ukumbini.

Humo ndani, mdogo wangu, mlikuwa na makaburi ya baba watoto. Redio zilizokufa, nyaya ambazo hata mwenyewe hajui za nini, pasi isiyo na mkono.

"Hiyo redio ina sauti nzuri," ananiambia.

"Umeisikia lini? Mara ya mwisho kusema, wanao walikuwa hawajaota meno."

Nilizitoa zote nje. Alinuna akaacha kula mchana, usiku akala mara mbili.

Kabati likawa la safari tupu. Chini begi lile kubwa la magurudumu, pembeni viatu vya kazi ndani ya mfuko wake, juu koti la mvua kwenye ndoano. Halafu nikakata lile pazia la zamani la chumbani, nikashona vifuko vya kufunga kwa kamba mdomoni. Kimoja cha soksi na nguo za ndani. Kimoja cha sabuni, mswaki na dawa ya meno, na hivyo ni vya safari tu, nyumbani havitumiki hata mtu akinuka. Kimoja cha chaja na nyaya. Kidogo kabisa cha kitambulisho na vyeti. Vyote vinakaa ndani ya begi, begi ndani ya kabati. Nikaweka na sheria: ukirudi safari, kabla ya chakula, ufue, ujaze kilichopungua, urudishe mahali pake.

"Mama, niache kwanza nipumue," ananiambia akiingia na vumbi lake.

"Utapumua ukishajaza sabuni."

Akanizoea. Simu ikipigwa, anashika mkono wa begi na kutoka. Majirani wanamwangalia dirishani anavyoondoka kama mtu anayekwenda dukani, nami nasimama mlangoni ili wajue ni wa nani.

Sasa ndiyo akaja wifi. Sisi huku tunamwita Mama Ndege, kwa sababu aliwahi kupanda ndege, zamani, mara moja, na mpaka leo hajashuka. Ungeona anavyofungasha huyo msafiri mkubwa! Siku ya safari nyumba yake unaisikia toka barabarani. Nguo zimo kwenye mifuko ya nailoni, mfuko ndani ya mfuko, na anachokitaka kiko ndani ya ule wa mwisho. Mkoba haufungiki, anaukalia. Ukimkataa, anaufunga kamba. Zinazobaki anazivaa, blauzi juu ya blauzi, anafika aendako amevimba kama mto wa kitanda. Huyo ndiye aliyesimama mbele ya kabati langu, mkono kiunoni, akacheka.

"Wifi, umefungua duka la mifuko?"

"Ni vitu vya kazi vya mtoto."

"Watu tuliosafiri hatujipangi hivi. Akili ndiyo begi."

Nikamwangalia. Nikaona kweli, ndiyo maana yeye kila safari anaazima.

Maana ukoo wa mume wangu una tabia hiyo. Kwao begi halina mwenyewe. Anayesafiri ndiye mwenye begi, hata kama hakulinunua, hata kama mwenye nyumba hayupo. Linazunguka toka mtu mpaka mtu, linarudi limetoboka, na atakayeuliza anaitwa mchoyo. Nikawaambia wote, baba watoto akiwepo, kwamba hili la binti yangu halimo kwenye mzunguko. Wifi akasema nimemtenga na damu yake. Nikamjibu damu haina zipu.

Unadhani lilimwingia? Nipo kazini, natoa ugali kwenye sufuria, yeye akaja nyumbani. Anakwenda kumtembelea shoga yake, kulala huko siku mbili. Kwa ajili ya shoga na kandambili, anataka begi la fundi! Baba watoto akampa. Ndiyo, mume wangu niliyemzalia. Walimwaga vitu vya mtoto juu ya kitanda chetu, begi likaondoka.

Na siku ile ile, mchana, simu ya kampuni ikalia. Jokofu la chanjo limezima, gari liko njiani. Binti yangu akafungua kabati, akakuta uwazi. Akanipigia. Sauti yake sikuijua.

"Mama, begi halipo! Gari linakuja, mama, begi halipo! Baba anasema amelichukua shangazi!"

Mdogo wangu, mwiko ulinitoka mkononi. Ule moto ulioniingia, lau wifi angekuwa mbele yangu, leo ungeniandikia gerezani. Lakini nikauliza kitu kimoja.

"Vifuko viko wapi?"

"Vimetupwa kitandani kwenu."

"Vimefunguliwa?"

Nikasikia anavigeuza. "Hapana. Kamba zote zimefungwa."

Hata kuchungulia hakuchungulia, mvivu yule! Nikamwambia mtoto avitie kwenye chochote chenye mdomo, kapu la sokoni liko nyuma ya mlango, avae viatu, akimbie. Asitafute kitu kingine, kwa sababu hakuna kitu kingine. Vyote vimo.

Akakimbia na kapu lenye maganda ya vitunguu. Gari lilikuwa limeshasimama, dereva ana mguu kwenye mafuta. Alipomwona akacheka mpaka akaegemea usukani.

"Fundi, unakwenda kutengeneza jokofu au kufungua genge?"

"Endesha," akamwambia. Huyo ndiye mwanangu. Hana maneno mengi, hayo ameniachia mimi.

Jokofu likapona, chanjo zikapona. Aliporudi, bosi akamwita ofisini. Mimi nilikaa nyumbani kazi imenishinda, hata chumvi nilitia mara mbili. Akaingia akaweka lile kapu mezani. "Mama, wameniajiri." Nilipiga vigelegele mpaka wa kiwandani wakachungulia ukutani. Nikamwacha akae kwanza. Siku ile sheria ya sabuni niliisamehe.

Kesho yake wifi akarudisha begi. Gurudumu moja halipo, zipu imeachama, ubavuni doa jekundu la kinywaji gani sijui. Sikusikia pole wala samahani. Alilisukuma ukumbini kwa mguu, na haya ndiyo maneno yake, siongezi:

"Wifi, begi lenu bovu. Limenitia aibu kituoni mbele za watu. Nunueni jingine."

Baba watoto akaanza kuvihesabu vidole vyake vya miguu. Binti yangu akafungua mdomo, nikamkanyaga. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yangejaza debe, lakini nilipoutazama uso ule, mkavu, hauna hata chembe ya haya, nikaona ni kupoteza mate. Nikalifuta vumbi kwa kiganja, nikamsukumia.

"Lichukue, wifi. Ni lako moja kwa moja. Mnafanana, hakuna sababu ya kuwatenganisha."

Baba watoto alielewa, masikio yakamwiva. Binti alielewa, akakimbilia jikoni kucheka. Yeye? Alinirukia shingoni! "Ndiyo maana nakupenda, wifi, una roho nyeupe!" Akaondoka analiburuza, krr krr krr, mtaa mzima unageuka, na toka siku hiyo hana nyumba asiyoingia kutangaza zawadi. Ndivyo ilivyokufikia mpaka huko.

Kwa hiyo usininunie, mdogo wangu. Begi lile ni tusi, na aliyetukanwa bado anashukuru. Wewe nitakupa vya kutoka moyoni Mungu akinijalia. Ila siku nikikuletea kitu chenye magurudumu pungufu, nikakwambia kichukue ni chako, hapo ndipo ulie, maana ujue nimekuchoka.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze sigara asisingizie baridi. Wasalimie wanao wote, na mama mkwe wako, na yule jirani yako mshona viatu mwenye mdomo kama wangu. Fundi anakushika miguu, baba watoto anakusalimu kwa sauti ndogo. Mwenyezi Mungu akupe magoti ya kutembelea uzeeni, na mawifi wenye macho.

Dada yako akupendaye na kukuchamba inapobidi,
Mama Fundi